Picha Zetu na Jina Lililo Nyuma



Kamati ya jarida letu imenitaka niandike habari za historia. Mimi si mwalimu wa historia. Tangu nilipomaliza kidato cha nne mwaka 1974, kazi yangu imekuwa kupiga picha hapa Pasiansi, kwanza kwa filamu za nyeusi na nyeupe, baadaye za rangi, na mwisho kwa kamera hizi zisizohitaji filamu. Basi nitaandika historia kama inavyoonekana na mtu aliyesimama nyuma ya kamera. Shabaha yangu ni moja tu: kuonyesha kwamba picha isiyo na jina ni nusu ya historia, na kwamba nusu ya pili iko mikononi mwetu wenyewe.

Wageni na kamera zao

Mzungu wa kwanza kuliona ziwa letu, John Speke, alifika upande huu wa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858 bila kamera. Aliporudi Afrika mwaka 1860 alifuatana na mwenzake, James Grant, ambaye alipiga picha Unguja. Lakini walipoingia bara kamera iliwekwa kando, na Grant akashika karatasi na rangi. Sababu yake haimshangazi mtu wa kazi yangu. Kamera za siku hizo zilikuwa masanduku ya mbao, na badala ya filamu zilitumia vioo vilivyopakwa dawa papo hapo kabla ya kupiga. Palihitajika hema la giza, maji safi na machupa ya dawa, na vyote hivyo vilikuwa juu ya vichwa vya wapagazi.

Kamera ilifika kwenye ufuko wetu pamoja na Henry Stanley. Aliondoka Bagamoyo Novemba 1874, na tarehe 27 Februari 1875 akafika Kageye, kijiji cha ziwani mashariki ya Mwanza. Wapagazi walikuwa wamebeba mashua yake, Lady Alice, vipande vipande kutoka pwani. Pale Kageye ikaunganishwa, na kwa mashua hiyo akalizunguka ziwa lote. Picha alizopiga hapo zilitumika kuchorea baadhi ya michoro ya kitabu chake kilichotoka mwaka 1878, kwa kuwa mitambo ya wakati huo ilikuwa haijaweza kuchapa picha yenyewe kitabuni. Mchongaji aliyekaa Ulaya aliitazama picha, akaichonga upya kwenye kipande cha mbao, na alipokuwa hana hakika, alijaza kwa mawazo yake.

Hapana budi kusema haki: Stanley aliwataja baadhi ya watu wake kwa majina. Twamjua Uledi, mshika usukani wa mashua, na Manwa Sera, mnyapara mkuu. Lakini wale waliokuja kusimama ufukoni kutazama, na kina mama waliowauzia chakula, hao wamebaki vivuli tu.

Wakati wa Wajerumani alikuja Walther Dobbertin, ambaye tangu mwaka 1906 alifanya kazi ya picha katika koloni hili. Picha zake nyingi zimehifadhiwa katika hifadhi ya taifa ya Ujerumani, na tangu mwaka 2008 nyingi kati yake zinaonekana kwenye intaneti. Ni kazi safi. Mwanga umepimwa vizuri na nyuso ziko wazi. Lakini soma maelezo yake: askari, wapagazi, soko. Afisa wa Kijerumani mara nyingi ana jina na cheo. Mwafrika aliyesimama kando yake ana kazi tu.

Faida tuliyoachiwa

Pamoja na upungufu huo, ningekuwa mkosefu wa shukrani kama ningesema picha za wageni hazina faida. Picha huona hata kile ambacho mpigaji hakukusudia. Chukua picha ya zamani ya Jiwe la Bismarck pale bandarini. Mpigaji alitaka jiwe, lakini wewe tazama maji yanakofikia. Mvua kubwa za mwaka 1961 hadi 1964 zilipandisha ziwa kwa zaidi ya mita 2, na kwa hiyo ufuko unaouona katika picha ya miaka ya 1950 sehemu nyingine uko chini ya maji leo.

Kadhalika picha za wavuvi. Kabla sangara hajaenea, vikapu vilijaa furu na sato. Sangara aliingizwa ziwani upande wa Uganda miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametawala, na aina nyingi za furu zimepungua au zimetoweka kabisa. Kijana wa sayansi akipata picha ya mnada wa samaki wa miaka ya 1960, asiitupe. Kwenye kile kikapu huenda wamo samaki ambao yeye hatawaona tena.

Nyuma ya picha

Sasa nije kwetu. Wageni walipokuwa wakitafuta ngoma na mavazi ya kiasili, na hata leo hufika Bujora kupiga picha za Bayeye wanaocheza na nyoka, wananchi wenyewe walitaka kupigwa wakiwa wamevaa vizuri. Katika studio yangu palikuwa na pazia lililochorwa ndege, viti viwili, maua ya plastiki na redio isiyo na betri. Palikuwa pia na koti la studio. Koti lile limevaliwa na wachumba, walimu wapya, wavuvi waliouza vizuri, na vijana waliokuja kusomea uaskari wa wanyamapori katika chuo cha hapa Pasiansi, kilichoanzishwa mwaka 1966. Mgeni akiona picha hizo atasema si utamaduni. Mimi nasema ni utamaduni hasa, maana mtu alichagua mwenyewe namna ya kukumbukwa.

Tena kulikuwa na desturi moja ambayo wazee wenzangu wanaikumbuka barabara. Mteja akichukua picha yake, hakuondoka kabla ya kuomba kalamu. Aliigeuza akaandika nyuma: ukumbusho, jina lake, mahali, tarehe, na jina la anayepelekewa. Wakati wa vita vya Kagera, mwaka 1978 na 1979, vijana wengi walipiga picha kabla ya kwenda mstari wa mbele, na sikuona hata mmoja aliyeacha mgongo wa picha mtupu. Hawakuwa wamesoma uandishi wa historia, lakini walijua kwamba uso bila jina hupotea.

Mimi nami nilikuwa na daftari. Kila aliyepigwa niliandika jina, anakotoka, tarehe na namba ya filamu. Faida yake niliiona mwaka 1996. Tarehe 21 Mei mwaka huo meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba, ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa. Baadhi yao walizikwa Igoma bila ndugu zao kuwatambua. Wiki kadhaa baadaye alikuja mzee mmoja kutoka Kagera. Baada ya kuamkiana akaniambia kijana wake aliwahi kupiga picha katika studio ya Pasiansi.

"Mwanangu, sina hata sura yake moja nyumbani," alisema.

"Mzee wangu, kaa hapo, nitazame daftari," nilimjibu.

Jina lilikuwamo, la miaka mitatu nyuma, na filamu ilikuwamo kwenye sanduku. Nilisafisha nakala mbili usiku ule ule. Asubuhi mzee aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza kwanza nyuma, akaniomba kalamu.

Baada ya siku ile walikuja na wengine. Waliokuwa na jina daftarini niliwapata. Picha za mtaani, zile za sherehe zilizopigwa haraka haraka bila kuandikishwa, zilibaki kuwa rundo la nyuso, na ndugu waliondoka mikono mitupu.

Mwanza mbele ya dunia

Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, mtu wa Austria. Ilipigwa hapa hapa, na uwanja wa ndege wa Mwanza, ambao njia yake hupita Pasiansi, umo ndani yake kwa kirefu. Ilionyesha minofu ya sangara ikisafirishwa Ulaya, mapanki yakianikwa na kukaangwa, watoto wa mitaani, na ikagusia habari ya silaha kuletwa na ndege zilizokuja kubeba samaki. Mwaka 2006 ilishindania tuzo ya Oscar. Mwaka huo huo Rais Kikwete aliilaani mbele ya wananchi hapa Mwanza, na watu wakaandamana kuipinga.

Mabishano yalikuwa makali: mapanki huliwa na watu au na kuku? Sitaki kuyafufua. Nataka kuuliza jambo jingine. Tulipokasirika kwamba mji wetu umeonyeshwa upande mmoja, je, tulikuwa na picha zipi za kuweka mezani? Zilikuwapo maelfu. Zilikuwa katika masanduku ya studio, kwenye kuta za sebule na ndani ya albamu zilizoliwa na mende. Hakuna aliyezikusanya.

Na si kweli kwamba kazi hii ni ya wageni tu. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alianza kupiga picha akiwa mwanafunzi Dar es Salaam, na huko huko akaanzisha kampuni yake ya Camerapix mwaka 1963. Ndiye ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliishtua dunia. Alianza kama mlivyo ninyi, kijana wa shule mwenye kamera iliyokwisha kutumika.

Funzo kutoka Romania

Jambo hili si letu peke yetu. Katika mji mdogo wa Slobozia, nchini Romania, alikuwapo mpiga picha aitwaye Costică Acsinte, aliyefariki mwaka 1984. Aliwapiga picha wakulima, maharusi, askari na watoto wa mji wake, kama tulivyofanya sisi. Aliacha maelfu ya vioo, navyo vikaanza kubanduka dawa na kuota madoa. Jumba la makumbusho la mkoa wake lilivihifadhi, na katika miaka ya 2010 vikanakiliwa kwenye kompyuta, watu wa dunia nzima wavione bure. Leo Romania inajulikana kwa wengi kupitia nyuso za wananchi wa kawaida wa mji ule. Lakini wengi wa watu hao hawana majina. Sura zimeokolewa, na walioweza kusema huyu ni fulani wamekwisha kufa.

Sisi hatujachelewa hivyo. Waliosoma hapa miaka ya 1970 bado tupo, ingawa kila mkutano viti hupungua.

Tufanye nini

Kwa wenzangu: katika mkutano ujao kila mmoja alete picha zake za shule. Tumewaomba walimu watupatie meza moja na penseli. Tumia penseli laini, kwa maana wino hupenya na kuila picha. Andika majina kuanzia kushoto kwenda kulia, mwaka, mahali na shughuli. Usiyemjua, muulize wa jirani. Usibandike kwa gundi, wala usiweke penye unyevu.

Kwa vijana: likizo hii nendeni kwa bibi na babu na albamu mkononi, mkaulize huyu ni nani na hapa ni wapi. Picha za simu ni nyingi mno na hufutika upesi. Chagueni chache kila mwaka, mzichapishe, muandike nyuma.

Daftari zangu za studio nitazileta siku hiyo, na yeyote aliyewahi kupigwa picha Pasiansi aje alitafute jina lake.