Magunia ya Mchanga katika Inchi ya Uholanzi

Wasomaji wetu wa Uvira na Kalemie hawana haja ya kufundishwa ukali wa maji. Ziwa Tanganika lilipanda sana mwaka 1964, likapanda tena mwaka 2021 na 2024. Mtu akiona maji yanakaribia mlango wake, hukimbilia gunia na mchanga. Lakini gunia lina nguvu gani? Tuwatazame Waholanzi. Robo ya inchi yao iko chini ya usawa wa bahari, na matuta marefu ya udongo ndiyo yanayowakinga.

Usiku wa kuamkia Dominika, tarehe 1 Februari 1953, dhoruba kali ilisukuma bahari juu ya inchi yao. Watu 1,836 walikufa. Na katika Ubelgiji vilevile wako waliokufa. Matuta mengi yalianguka kwa namna ya ajabu: maji yalipita juu, yakateremka upande wa ndani, yakaula udongo mgongoni.

Karibu na mji wa Nieuwerkerk, kando ya mto Hollandse IJssel, tuta lilipasuka, na nyuma yake lilikuwa bonde lenye watu wengi mno. Nahodha mmoja, Arie Evegroen, akaiingiza meli yake katika ule mwanya, ikafunga kama mlango. Hapo watu wakapata nafasi ya kuziba. Tuangalie vema mpango huo: meli kwanza, magunia baadaye. Gunia likitupwa ndani ya maji yanayokimbia huchukuliwa nayo. Kazi yake ni kabla ya maji kufika.

Tena lina ufundi wake. Lisijazwe mpaka kinywani. Nusu au zaidi kidogo yatosha, lipate kulala na kushikamana na jirani yake. Hupangwa kama matofali, kila gunia juu ya kiungo cha yale mawili ya chini, na kukanyagwa. Ukuta uwe mpana chini, kwa maana ukuta mwembamba husukumwa tu.

Wakati mwingine maji hupenya chini ya tuta, yakatoka nyuma yake kama chemchemi, yakibeba mchanga. Mgeni angeiziba mara moja, naye angekosa, kwa sababu maji yangetafuta njia nyingine. Waholanzi huizungushia magunia kama ukingo wa kisima. Maji hupanda ndani ya ule mviringo mpaka uzito wake unapunguza nguvu ya yale yanayotoka, nao mchanga hubaki mahali pake.

Mwaka 1995 mito ilijaa. Huko Ochten tuta lilianza kulegea, na watu wakalishindilia kwa magunia. Hata hivyo wakuu hawakuyategemea magunia kwa uhai wa watu: katika sehemu zile za mito watu wapata 250,000 walihamishwa pamoja na mifugo yao. Tuta la Ochten halikuanguka. Maji yalipopungua, wenyeji wakarudi nyumbani.