Roki nzito: ilikotoka, inavyosikika na kwa nini haijafika Kibera na Kawangware

Kijana wa Kibera au Kawangware akisema anapenda roki nzito, majibu anayopewa huwa mawili. Moja ni kwamba huo ni muziki wa wazungu. La pili ni kwamba ni muziki wa shetani. Majibu haya yamezoeleka Nairobi, na huku kwetu Pwani pia hayakosi. Mtu akifuata historia ya muziki wenyewe, yote mawili yanakosa miguu ya kusimamia. Makala haya yanaeleza roki nzito ni nini, ilianzia wapi, sauti yake hutengenezwa vipi, na inahusiana vipi na mitaa hiyo miwili ambayo wengi wanaijua kwa nambari za matatu: 8 ya Kibera na 46 ya Kawangware.

Maana yake

Roki nzito ni tawi la muziki wa roki lililokomaa Uingereza na Marekani kati ya mwaka 1966 na 1970. Alama zake ni gitaa la umeme lenye sauti ya mkwaruzo, besi inayotembea sambamba na gitaa, dramu zinazopigwa kwa nguvu, na mwimbaji anayepaza sauti hadi juu kabisa. Watu wengi huichanganya na hevi metali. Ni ndugu wa tumbo moja, ila hevi metali ilipunguza bluzi ikaongeza uzito na giza, wakati roki nzito ilibaki karibu na bluzi na mwendo wake wa kuchezeka.

Ilikotoka

Mzizi wa roki nzito ni bluzi, muziki wa watu weusi wa kusini mwa Marekani, wajukuu wa watumwa waliolima pamba. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 maelfu kwa maelfu yao walihama mashamba wakaenda kutafuta kazi katika miji ya viwanda ya kaskazini. Muddy Waters alikuwa mmoja wao. Alitoka Mississippi mwaka 1943 akaingia Chicago, akafanya kazi kiwandani na kuendesha lori, usiku akipiga gitaa kwenye baa. Baa za Chicago zilikuwa na kelele na gitaa la mbao halikusikika humo. Akashika gitaa la umeme. Kwa hiyo ukubwa wa sauti ulianza kama haja ya mfanyakazi aliyetaka asikike mjini.

Wakati huohuo kanisa nalo lilikuwa likitoa mchango wake. Sister Rosetta Tharpe, mwanamke mweusi aliyezaliwa Arkansas mwaka 1915, alilelewa kanisani na kuimba nyimbo za injili akipiga gitaa la umeme kwa fujo tupu. Alikuwa nyota kabla Elvis Presley hajarekodi wimbo wake wa kwanza. Wapiga gitaa wengi waliokuja baadaye walimwiga, wakijua au bila kujua.

Mkwaruzo wenyewe ulitokana na vifaa vilivyoharibika. Mwaka 1951, bendi ya Ike Turner ilikwenda Memphis kurekodi wimbo uitwao Rocket 88. Amplifaya ya mpiga gitaa wao, Willie Kizart, ilikuwa imeharibika, wakaijaza karatasi na kurekodi hivyo hivyo. Sauti ikatoka chafu na watu wakaipenda. Mwaka 1958 Link Wray alitoboa spika zake kwa penseli ili apate uchafu kama huo. Mwaka 1964 Dave Davies wa bendi ya The Kinks, kijana wa London, alichana spika yake kwa wembe. Kifaa kibovu kikawa chombo cha muziki.

Kutoka hapo kazi ilihamia Uingereza. Vijana wa huko walikuwa wakinunua sahani za bluzi kutoka Marekani na kujifunza kwa kusikiliza. Magitaa yao wengi waliyapata kwa mkopo, kile ambacho Nairobi tunakiita lipa mdogo mdogo. Jim Marshall, mwalimu wa dramu mwenye duka la vyombo London, alianza kutengeneza amplifaya mwaka 1962, na wateja wake wakawa kila mara wanadai yenye nguvu zaidi. Septemba 1966, Jimi Hendrix, Mmarekani mweusi wa Seattle, alitua London na kuwaonyesha Waingereza mkwaruzo unaweza kufikishwa wapi. Mwaka huohuo bendi ya Cream iliundwa. Led Zeppelin ilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1969. Mwaka 1970 Deep Purple na Black Sabbath zikafuata kwa albamu zilizoweka kiwango cha uzito. Mwaka 1973 AC/DC ikaanza Australia.

Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha mabati Birmingham. Akiwa na miaka 17 mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, ule anaobonyezea nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akatumia nyuzi nyepesi, na baadaye akazilegeza ili zisimuumize. Nyuzi zilizolegezwa hutoa sauti ya chini na nzito, na sauti hiyo imeigwa dunia nzima. Fundi yeyote wa jua kali ataielewa hadithi hiyo bila kutafsiriwa.

Deni la Waingereza kwa watu weusi nalo lilifika mahakamani. Mwaka 1985 Willie Dixon, mtunzi mkubwa wa bluzi wa Chicago, aliishtaki Led Zeppelin kwa sababu wimbo wao Whole Lotta Love ulifanana na wake. Mwaka 1987 walimalizana nje ya mahakama. Anayesema roki nzito ni mali ya wazungu anasahau kesi hiyo.

Sauti yake inavyotengenezwa

Umeme wa gitaa huingia kwenye amplifaya kama wimbi linalopanda na kushuka. Amplifaya ikizidiwa, vilele vya wimbi hukatwa. Wimbi lililokatwa huzaa sauti nyingine ndogo ndogo juu ya ile ya awali, na ndiyo sababu noti moja husikika nene, ikwaruze, na isififie upesi. Aliyewahi kusikia spika ya matatu ikifunguliwa hadi mwisho, au kipaza sauti cha mhubiri wa sokoni, ameusikia mkwaruzo huo. Tofauti ni kwamba mpiga roki huutaka na kuupima.

Mkwaruzo una masharti yake. Ukipiga noti nyingi pamoja zinavurugika, hazielewani. Wapiga gitaa wakapata njia: wanapiga mbili tu, ambazo mwanakwaya angeziita do na so, wakaacha mi. Mi ndiyo inayotuambia kama wimbo una furaha au huzuni. Ikiondolewa, kinachobaki hakina furaha wala huzuni ila nguvu peke yake.

Uti wa mgongo wa wimbo ni rifu, yaani kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwa tena na tena. Shabiki wa rumba atakumbuka sebene, ambapo gitaa huzunguka palepale hadi watu wasimame kucheza. Lakini kwenye sebene, solo, ridhimu na besi kila moja hupita njia yake na zote husukana kama ukili. Kwenye roki nzito, gitaa na besi hufuata mstari mmoja, hatua kwa hatua, na hapo ndipo uzito unapopatikana. Dramu huhesabu nne na kugonga kwa nguvu kwenye mbili na nne. Katikati ya wimbo mpiga solo hupewa nafasi yake, kama ilivyo kwenye benga.

Afrika Mashariki haikuwa mbali

Sisi watu wa Pwani tuna la kusema hapa. Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946. Familia yake iliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaenda Uingereza, na huko akajiita Freddie Mercury. Albamu za mwanzo za bendi yake Queen, za mwaka 1973 na 1974, ni roki nzito waziwazi.

Mwaka 1968 bendi ya Kiingereza The Tremeloes ilirekodi Helule Helule, wimbo wa Daudi Kabaka wa Kenya, na ukapanda chati za Uingereza. Mombasa ilimtoa Slim Ali, aliyeimba soul na Hodi Boys. Zambia miaka ya 1970 ilikuwa na roki yake yenyewe, iliyokwaruza vilivyo, na bendi ya Musi-O-Tunya kutoka huko ilikuja Nairobi kurekodi. Kwa hiyo studio za Nairobi zimeijua roki ya Waafrika kwa zaidi ya miaka 50.

Siku hizi jiji lina bendi zake. Parking Lot Grass na Last Year's Tragedy zilijenga jina. Crystal Axis wana wimbo uitwao Nyayo House, jengo ambalo katika vyumba vyake vya chini Wakenya waliteswa enzi za Moi. Mwaka 2020 wawili wanaojiita Duma walitoa albamu kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, kali kuliko roki nzito yoyote, na ikasifiwa ng'ambo.

Gitaa la Kibera, gitaa la Kawangware

Kibera ilianza kama makazi ya Wanubi, askari wa jeshi la wakoloni na familia zao, na jina lake linatokana na neno la Kinubi la msitu. Baadaye waliingia watu wa kila kabila, Waluo wakiwa wengi, na wakaja na benga. Benga ni muziki wa gitaa kwa maana kamili: solo ya mbio, besi inayosukuma kifuani, na mwisho wa wimbo wenye joto. D.O. Misiani, mzaliwa wa Shirati, Tanzania, aliutangaza na bendi yake Shirati Jazz.

Kawangware, inayopakana na Lavington ya matajiri, ina Waluhya wengi, na kwao kulizaliwa omutibo, upigaji wa gitaa wa vidole uliofanywa maarufu na George Mukabi kabla ya kifo chake mwaka 1963. Nyimbo hizo zilisindikizwa na chupa ya Fanta. Chupa tupu ikawa chombo cha muziki, kama karatasi kwenye amplifaya ya Memphis.

Kwa hiyo mitaa hii ina ustadi wa gitaa, ina wafanyakazi waliohama mashambani, na ina kelele. Hayo ndiyo yaliyoipa Chicago bluzi ya umeme. Kwa nini basi kizazi cha sasa kimetoa marapa zaidi, kama Octopizzo wa Kibera ambaye jina lake limebeba nambari ya matatu ya mtaani, na si wapiga roki?

Jibu kubwa ni gharama. Rapa anahitaji maneno, kompyuta ya rafiki na maikrofoni. Bendi ya roki inahitaji watu wanne, magitaa, dramu, amplifaya na chumba. Nyumba ya Kibera mara nyingi ni chumba cha futi 10 kwa 10, ukuta wa mabati, jirani ana mtoto mchanga. Umeme wa kuungaunga hukatika bila taarifa na unaweza kuchoma vifaa. Muddy Waters alikuwa na mshahara wa kiwanda. Kijana wa kibarua cha siku hana, na duka halimkopeshi.

Jibu la pili ni hofu. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri. Kipindi hicho kiliacha nchi ikitazama kwa jicho la shaka chochote chenye giza na kelele, na muziki huu una vyote viwili. Ni kweli baadhi ya bendi zilijipaka giza kwa makusudi. Black Sabbath walichukua jina lao kwenye filamu ya kutisha, kwa kuwa waliona watu wanalipa kuogopeshwa. Hiyo ni biashara. Mzazi anayeogopa gitaa la mwanawe angeanza kwa kumsikiliza Rosetta Tharpe, mtoto wa kanisa.

Kinachoweza kubadilika ni suala la chumba. Kaunti ya Nairobi ina kumbi za kijamii. Ukumbi mmoja katika kila mtaa, wenye stoo ya kufungwa, seti moja ya dramu, amplifaya mbili na umeme halali uliolipiwa, ungetosha bendi kadhaa kwa zamu. Makanisa mengi ya mitaani tayari yana vyombo, na ndiko vijana wengi hujifunzia kupiga. Vyombo hivyo hukaa kimya Jumatatu hadi Ijumaa. Wazee wa kanisa wakikubali kuvitoa saa mbili kwa wiki, chini ya uangalizi wao, gharama iliyo kubwa kuliko zote itakuwa imeondoka. Kilichobaki, yaani kuhama, kazi ngumu na haja ya kusikika, vijana wa Kibera na Kawangware wanacho tayari.