Programu huria: Vifurushi, vitegemewa na hatari iliyojificha ndani yake

MTU anapopakua programu ya kuchezea video au kuandikia barua, hudhani kwamba amepokea kitu kimoja. Aghalabu huwa amepokea makumi ya programu ndogo zilizobebana, kila moja ikiwa imeandikwa na watu tofauti, baadhi yao wakiwa hawalipwi hata senti kwa kazi hiyo.

Hivyo ndivyo zilivyo programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake huwekwa wazi ili yeyote ausome, aubadilishe na kuusambaza kwa mujibu wa leseni. Maadamu msimbo uko wazi, mtayarishaji hana haja ya kuandika upya kazi ambayo mwenzake amekwisha kuifanya. Akitaka kubana faili, huchukua zlib. Akitaka kuficha mawasiliano yasisomwe na wadukuzi, huchukua OpenSSL. Akitaka hifadhidata ndogo, SQLite ipo. Vipande hivi huitwa maktaba, na kwa programu inayovitumia huwa vitegemewa. Kitegemewa nacho huwa na vitegemewa vyake, na mnyororo huendelea.

Matata huanza pale matoleo yanapotofautiana. Programu moja huhitaji toleo la kwanza la maktaba fulani ilhali nyingine, katika tarakilishi iyo hiyo, huhitaji la pili, na hayo mawili hayawezi kukaa pamoja. Wataalamu huiita hali hiyo jehanamu ya vitegemewa, na waliotumia Linux katika miaka ya tisini hawaoni kwamba jina hilo limetiwa chumvi.

Mradi wa Debian, ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka wa 1993, ni miongoni mwa iliyotangulia kutafuta dawa. Kila programu hufungwa katika kifurushi chenye maelezo yanayotaja inachotegemea na kuanzia toleo lipi. Chombo kiitwacho APT, kilichoingia katika toleo rasmi la Debian mwaka wa 1999, husoma maelezo hayo na kuleta kila kinachohitajika kutoka ghala la mradi. Kazi hiyo ni nzito kuliko inavyoonekana, kwani kuchagua matoleo yanayopatana kati ya maelfu ni fumbo ambalo huweza kuishinda hata mashine yenye nguvu.

Ugumu huongezeka programu inapotakiwa kutumika katika Windows, macOS na Linux kwa pamoja. Kila mfumo una faili za maktaba za aina yake. Isitoshe, kwa kawaida Windows haitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina ya faili, ilhali Linux hutofautisha. Kosa dogo la herufi ambalo mtayarishaji hakuliona kwake huangusha programu kwa mwenzake. Tangu Apple ilipoanza kuhamia vichakataji vyake yenyewe mwaka wa 2020, wafungaji wengi wa programu za macOS wamelazimika kubeba msimbo wa aina mbili katika kifurushi kimoja, au kutoa vifurushi viwili.

Hata ndani ya Linux kwenyewe hakuna amani. Programu iliyotayarishwa katika mfumo mpya huweza kukataa kufanya kazi katika mfumo wa zamani kwa sababu maktaba ya msingi, glibc, ni ya toleo la nyuma. Ndiposa wafungaji wazoefu hutumia mfumo mkongwe kimakusudi: kilichotayarishwa kwa mzee hupokewa na kijana, lakini kinyume chake hakikubaliki.

Waliochoshwa na haya wameamua kubeba karibu kila kitu ndani ya kifurushi. Flatpak, Snap na AppImage hufuata njia hiyo kwa viwango tofauti. Urahisi huo una gharama. Dosari ya usalama ikigunduliwa katika maktaba, Debian huirekebisha mara moja na programu zote zinazoishiriki hupona. Aliyefungia nakala yake ndani hubaki na dosari hiyo mpaka naye atoe toleo jipya. Aidha, vifurushi huwa vikubwa, jambo ambalo si dogo kwa anayelipia data. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka wa 2009, intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, na Ubuntu iliendelea kutuma CD za bure kwa posta hadi mwaka wa 2011.

Machi 2016, mtayarishaji mmoja aliyekuwa na mzozo kuhusu jina la kifurushi aliondoa kazi zake katika ghala la npm. Miongoni mwazo kulikuwa na left-pad, msimbo wa mistari 11 tu unaoongeza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Miradi mingi duniani ilikwama hadi ulipourudishwa saa chache baadaye, na npm ikabadilisha kanuni zake za kuondoa vifurushi.

Tangu hapo, imekuwa desturi kuhifadhi orodha ya matoleo kamili yaliyotumika pamoja na alama za kuthibitisha kwamba faili hazijabadilishwa. Kinga hiyo ni nzuri, ila haisaidii iwapo aliyetia sumu ndiye mwenye ufunguo wa ghala.

Hilo ndilo lililotokea kwa XZ Utils, programu ya kubana faili iliyotunzwa kwa miaka mingi na mtu mmoja aliyejitolea. Mtu aliyejiita Jia Tan alimsaidia kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, akapewa mamlaka ya kutoa matoleo. Katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, ya mwaka wa 2024, aliingiza mlango wa siri. Sehemu iliyouwasha haikuwamo katika msimbo uliokuwa ukisomwa na umma. Iliwekwa ndani ya vifurushi vya kusambazwa pekee.

Shabaha ilikuwa SSH, njia ambayo wasimamizi huingilia seva wakiwa mbali. SSH haihitaji XZ. Hata hivyo, baadhi ya mifumo ya Linux ilikuwa imeiunganisha na maktaba ya systemd, ambayo nayo ilitegemea XZ, na kwa mlango huo wa nyuma sumu ikapita.

Mhandisi wa Microsoft, Andres Freund, alishangaa kuona kuingia kwa SSH kukichelewa kwa takriban nusu sekunde. Alichunguza, na Machi 29, 2024, akautangazia ulimwengu alichokiona. Matoleo hayo yalikuwa yamefika katika mifumo ya majaribio ya Debian na Fedora, lakini hayakuwa yameingia katika matoleo thabiti ya Debian. Toleo la 5.6.2, lililosafishwa, lilitolewa Mei mwaka huo na mtunzaji yule yule wa awali.