Kariakoo: Maghorofa Juu ya Viwanja vya Vyumba Sita

Ukisimama katika Mtaa wa Kongo, ukainua macho kupita nguo na mabegi yaliyotundikwa milangoni mwa maduka, utaona jinsi maghorofa ya Kariakoo, Dar es Salaam, yalivyo membamba. Yamesimama ukuta kwa ukuta, kila moja na kimo chake na rangi yake, na hapa na pale katikati yao imebaki nyumba ya zamani ya bati iliyobanwa kushoto na kulia. Mtaa huu haukuchorwa upya na mtu mmoja. Umebomolewa na kujengwa kiwanja kimoja kimoja, kila mwenye kiwanja kwa wakati wake na kwa fedha alizozipata, ndani ya mipaka ambayo asili yake ni kamba za wapimaji wa Kijerumani.

Muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Wajerumani ilinunua shamba la Schöller, magharibi ya mji wa Dar es Salaam. Nia yake ilikuwa kuwahamishia huko Waafrika waliokuwa wakikaa karibu na Wazungu na Wahindi. Mitaa ilinyooshwa, ikakatana mraba, na viwanja vikawa vidogo, kila kimoja cha kutosha nyumba moja ya chini. Kisha vita vikaingia. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916, eneo hilo likawa kambi ya wapagazi wa jeshi, watu wa Carrier Corps waliobebeshwa risasi na vyakula porini hadi maelfu kwa maelfu wakafa kwa maradhi, njaa na uchovu. Sanamu ya Askari iko kule mjini. Kariakoo kwenyewe, kumbukumbu yao kubwa ni hilo jina, Carrier Corps lililogeuzwa kwa matamshi ya Kiswahili.

Waingereza waliuendeleza mpango waliourithi. Mji uligawanywa kanda tatu: Uzunguni, Uhindini, na upande wa Waafrika, huku Mnazi Mmoja ukiachwa wazi kutenganisha. Ubaguzi huo uliandikwa kwa lugha ya kanuni za ujenzi. Uzunguni lilitakiwa jengo la namna ya Kizungu. Kariakoo paliruhusiwa miti, udongo na makuti. Aliyetaka kujenga nyumba ya kudumu alijenga juu ya ardhi ambayo haki yake ilikuwa ya muda.

Hata hivyo watu walijenga, na walichokijenga kinastahili heshima kuliko kinavyopewa. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ilikuwa na korido katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto. Mbele kulikuwa na baraza. Nyuma palikuwa na ua wenye jiko, choo na kamba za kuanikia. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vilivyobaki akapangisha, na kila chumba huenda kilikuwa na familia nzima. Chumba cha mbele kikifunguliwa dirisha pana barabarani, kilikuwa duka. Barazani alikaa fundi na cherehani yake, jioni pakauzwa maandazi na samaki wa kukaanga. Mjane aliyeachiwa nyumba kama hiyo aliweza kula na kusomesha kwa kodi za vyumba. Wataalamu wa mipango miji wanaposifu leo jengo lenye maduka chini na makazi juu, wanasifu jambo ambalo Kariakoo ililifanya kwa udongo na makuti, bila ghorofa hata moja.

Siasa nayo ilizaliwa humu. Julai 7, 1954, chama cha TANU kiliundwa katika jengo dogo la New Street, mtaa ambao sasa ni Lumumba.

Baada ya uhuru kulitokea jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo ufunguo wa Kariakoo ya leo, ingawa halitajwi sana. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000. Maghorofa ya Uhindini na nyumba za Upanga yaliangukia kwa Msajili wa Majumba. Nyumba ya udongo yenye vyumba sita haikukifikia kipimo hicho, ikabaki mikononi mwa mwenye nyumba yule yule, kisha kwa watoto na wajukuu. Kiwanja kilichodharauliwa na wakoloni kikanusurika kutaifishwa kwa sababu ile ile ya kudharauliwa.

Mwaka 1975 lilifunguliwa soko jipya, kazi ya mbunifu majengo Beda Amuli, lenye miavuli mikubwa ya zege inayokusanya maji ya mvua. Lilikuwa jengo la fahari, na moto wa Julai 2021 uliliumiza vibaya. Lakini kilichoubadilisha mtaa ni biashara iliyozunguka soko hilo. Milango ya uagizaji bidhaa ilianza kulegezwa mwaka 1984. Chini ya Rais Mwinyi ikafunguka kabisa. Wateja wakaja kutoka Zambia, Malawi, Kongo na Komoro. Chumba cha mbele kilichokuwa duka la sukari na mafuta ya taa kikawa fremu ya nguo za jumla, kwa kodi ambayo vyumba vitano vya nyuma kwa pamoja havikuweza kuifikia.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mpango wa kuliendeleza upya eneo hili ulifungua njia ya majengo marefu. Warithi walikuwa na kiwanja, hawakuwa na fedha. Mfanyabiashara alikuwa na fedha, hakuwa na kiwanja. Wakaingia ubia: nyumba inavunjwa, ghorofa linapanda, mwekezaji anachukua sehemu au anakusanya kodi kwa miaka waliyokubaliana, na familia inapata fremu kadhaa na mahali pa kuishi. Sheria ya mwaka 2008 iliyoruhusu kumiliki sehemu ya jengo kwa hati yake iliupa ubia huo msingi ulio wazi zaidi. Palipokuwa na warithi wengi na mirathi haijafungwa, nyumba ya bati ilibaki. Mara nyingi pengo unaloliona katikati ya maghorofa mawili ni ugomvi wa ndugu.

Mpangilio ndani ya jengo unafuata fedha. Chini fremu, juu yake fremu tena, kisha stoo, kisha makazi, na mwaka hadi mwaka stoo huyapandia makazi. Ua umekwisha, maana kiwanja chote kimefunikwa. Watoto wa ghorofa ya sita hawana pa kuchezea ila ngazini. Baraza nayo imegeuka mlango wa chuma. Napenda uchangamfu wa maghorofa haya na riziki yanayotoa kwa maelfu ya watu, lakini hewa na mwanga vilivyokuwa haki ya mpangaji maskini wa chumba kimoja si vitu vidogo kupoteza.

Na kwa kuwa fremu iliyo karibu na barabara ndiyo yenye kodi nono, wenye majengo walianza kuchimba chini. Asubuhi ya Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa nne kwenye mitaa ya Mchikichi na Kongo liliporomoka. Waokoaji walifanya kazi kwa siku kadhaa kuwatafuta walionaswa chini yake. Waliofariki walizidi 25. Miaka kumi na moja kabla, Machi 29, 2013, jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilikuwa limeanguka na kuua zaidi ya watu 30.

Baada ya maafa ya 2024 serikali iliunda timu ya kukagua majengo ya Kariakoo. Matokeo ya ukaguzi wa namna hiyo yanapaswa kubandikwa mlangoni mwa kila jengo, kwa Kiswahili, yakitaja idadi ya ghorofa zilizoidhinishwa na kama pamechimbwa chini. Mpangaji wa fremu hulipa kodi ya miezi mingi kwa mkupuo, pengine na kilemba juu yake, kabla hajafungua hata boksi moja. Ana haki ya kujua nguzo zilizo nyuma ya rafu zake zinabeba nini.