Laurance Rockefeller: mwekezaji aliyenunua ardhi ili aitoe kwa umma

Laurance Spelman Rockefeller alizaliwa New York tarehe 26 Mei 1910, mtoto wa nne kati ya sita wa John D. Rockefeller Jr. na Abby Aldrich. Babu yake, John D. Rockefeller, alianzisha kampuni ya mafuta ya Standard Oil mwaka 1870 na akawa tajiri asiye na mfano katika Marekani ya zama zake. Laurance alikuwa hajatimiza hata mwaka mmoja pale Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamuru kampuni hiyo ivunjwe kwa kosa la kuhodhi soko, nayo ikagawanywa kuwa kampuni 34. Hukumu hiyo haikuifilisi familia. Hisa za kampuni zilizozaliwa zilipanda bei, na mzee akazidi kutajirika.

Baba yake Laurance hakuhangaika sana na kutafuta mali. Kazi yake kubwa ilikuwa kuitoa. Alifadhili vyuo, makumbusho, utafiti wa tiba na hifadhi za taifa. Nyumbani aliwalea wanawe kwa nidhamu ya daftari: kila mtoto alipewa fedha kidogo za matumizi, akatakiwa kuandika kila senti ilikokwenda, na sehemu yake aiweke akiba, nyingine aitoe sadaka. Wavulana walipokua, kila mmoja alishika njia yake. John wa Tatu aliingia katika shughuli za uhisani, Nelson akawa gavana wa New York na baadaye Makamu wa Rais, Winthrop akawa gavana wa Arkansas, na David akaongoza benki ya Chase Manhattan. Laurance hakupenda majukwaa. Alijichagulia kazi mbili, kuwekeza katika biashara changa na kuhifadhi ardhi, na katika zote mbili alifuata desturi moja: kununua mapema kabla wengine hawajaona thamani, kusubiri kwa subira, kisha kujitoa baada ya kuhakikisha mambo yanaendelea bila yeye.

Mtaji wa kuthubutu

Alihitimu falsafa katika Chuo Kikuu cha Princeton mwaka 1932, akasoma sheria Harvard kwa miaka miwili, akaacha. Mwaka 1934 alimuoa Mary French, mjukuu wa Frederick Billings, tajiri wa reli aliyekuwa na shamba na msitu katika mji wa Woodstock, jimbo la Vermont. Mwaka huohuo baba yake aliwawekea watoto mali katika amana, na hivyo Laurance akapata mtaji wa kuanzia. Babu alipofariki mwaka 1937, kijana huyo alichukua kiti chake katika Soko la Hisa la New York.

Hakuridhika na kununua hisa za kampuni zilizokwisha kuota mizizi. Usafiri wa anga ulikuwa bado mchanga, na benki nyingi ziliuogopa. Mwaka 1938 aliungana na Eddie Rickenbacker, rubani shujaa wa Vita Kuu ya Kwanza, kulinunua shirika la ndege la Eastern Air Lines, na kwa miaka mingi akawa mwanahisa wake mkubwa kuliko wote. Mwaka uliofuata alimpa James McDonnell wa St. Louis dola 10,000 za kuanzishia karakana ya ndege. Vita Kuu ya Pili ilipofika, karakana hiyo ilikua na hatimaye kuwa mmoja wa watengenezaji wakubwa wa ndege za kivita. Laurance mwenyewe alitumika katika Jeshi la Majini, akishughulikia uzalishaji wa ndege.

Baada ya vita, mwaka 1946, yeye na ndugu zake waliunda kampuni ya pamoja ya kuwekeza mahali penye hatari na matumaini: vyombo vya kielektroniki, roketi, nishati ya nyuklia. Fedha zao zilifika hata Kongo ya Kibelgiji, kwenye kiwanda cha nguo. Mwaka 1969 shughuli hiyo ilipangwa upya kwa jina la Venrock, na miongoni mwa kampuni ilizoziingia zikiwa bado changa zimo Intel na Apple. Mtindo huo wa kutoa mtaji kwa wabunifu wasio na dhamana, kwa kubadilishana na sehemu ya umiliki, leo ndio msingi wa sekta ya teknolojia duniani. Laurance alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuufanya kuwa kazi rasmi.

Bonde la Jackson Hole

Mapenzi yake kwa ardhi yalianzia safarini. Mwaka 1924, na tena mwaka 1926, baba yake alimchukua pamoja na ndugu zake kwenda Magharibi ya Marekani. Katika hifadhi ya Yellowstone walipokewa na msimamizi wake, Horace Albright, ambaye kwenye safari ya pili aliwaonyesha bonde la Jackson Hole, jimbo la Wyoming, chini ya milima ya Teton. Mandhari ilikuwa ya kupendeza, lakini kando ya barabara kulikuwa kumeanza kuota vibanda, mabango na vituo vya mafuta. Albright alieleza hofu yake kwamba bonde lote lingeharibika.

Mwaka 1927 Rockefeller Jr. aliunda kampuni iliyonunua mashamba ya bondeni kimyakimya bila kumtaja mnunuzi halisi, ili bei zisipande. Kwa dola milioni 1.4 hivi ilipata ekari zipatazo 35,000. Siri ilipofichuka, wafugaji na wanasiasa wa Wyoming walikasirika. Walisema tajiri wa New York ameshirikiana na serikali kuwapokonya ardhi na kodi, na kwa miaka mingi walizuia zawadi hiyo isipokelewe. Rais Franklin Roosevelt alitumia mamlaka yake mwaka 1943 kulitangaza bonde kuwa eneo la urithi wa taifa, na mgogoro ukapamba moto zaidi. Muafaka ulipatikana baada ya vita. Laurance, aliyekuwa akiongoza shirika la familia la Jackson Hole Preserve lililoundwa mwaka 1940, ndiye aliyekabidhi hati za zaidi ya ekari 30,000 mwezi Desemba 1949. Mwaka 1950 Rais Harry Truman alitia saini sheria iliyoliunganisha bonde na Hifadhi ya Taifa ya Grand Teton.

Miaka zaidi ya 20 ya mvutano huo ilimfunza Laurance kwamba kununua ardhi ndiyo sehemu nyepesi. Pasipo ridhaa ya wabunge, ajira kwa wenyeji na njia ya wananchi kufika na kufaidi, hifadhi hubaki kuwa ugomvi.

Kisiwa cha St. John

Mwaka 1952, akisafiri kwa mashua katika Karibiani, alifika St. John, kimoja cha Visiwa vya Virgin ambavyo Marekani ilivinunua kutoka Denmark mwaka 1917 kwa dola milioni 25 za dhahabu. Kisiwa hicho chenye ukubwa wa kilomita za mraba 50 hivi kiliwahi kuwa nchi ya mashamba ya miwa yaliyolimwa na Waafrika waliotumikishwa. Mwaka 1733 watumwa hao waliasi na kukitawala kisiwa kwa miezi kadhaa kabla ya kushindwa. Utumwa ulikoma mwaka 1848, mashamba ya miwa yakaachwa, na msitu ukarudi. Wakati Laurance anafika, vizazi vya watumwa hao, wasiofika hata 1,000, waliishi kwa bustani, mifugo, uvuvi na kuchoma mkaa.

Alinunua ghuba ya Caneel na kujenga hoteli hapo, na kupitia Jackson Hole Preserve akanunua ardhi nyingine nyingi kisiwani. Tarehe 1 Desemba 1956, siku ya kufunguliwa kwa hoteli hiyo na ya kuzinduliwa kwa Hifadhi ya Taifa ya Visiwa vya Virgin, aliikabidhi serikali hati za zaidi ya ekari 5,000. Hoteli yenyewe ilikuwa na majengo mafupi yaliyojificha nyuma ya miti, na vyumba visivyo na simu wala televisheni. Kutokana nayo alijenga mfululizo wa hoteli zilizojulikana kwa jina la Rockresorts: Dorado Beach huko Puerto Rico mwaka 1958, Little Dix Bay kisiwani Virgin Gorda mwaka 1964, na Mauna Kea Beach huko Hawaii mwaka 1965. Hoja yake ilikuwa kwamba mgeni anayelipa gharama kubwa kwa ajili ya mandhari humpa mwenye hoteli sababu ya kuitunza mandhari hiyo. Utalii wa ikolojia wa miaka ya baadaye uliirudia hoja hii katika nchi nyingi.

Wenyeji wa St. John hawakuipokea zawadi hiyo kwa moyo mmoja. Ajira zilipatikana, lakini ardhi ya kulima na kulisha mifugo ilipungua, na ile iliyobaki ikapanda bei kuliko uwezo wao. Mwaka 1962 mswada wa kupanua hifadhi ulikuwa na kifungu cha kuiruhusu serikali kuchukua ardhi ya watu kwa lazima. Wananchi walipinga kwa nguvu, na kifungu hicho kikaondolewa. Manung'uniko kuhusu nani hasa aliyefaidika yameendelea kisiwani tangu wakati huo.

Mshauri wa marais

Mwaka 1958 Rais Dwight Eisenhower alimteua kuongoza tume ya kuchunguza mahitaji ya Wamarekani ya kupumzika na kutembea katika maeneo ya asili. Miji ilikuwa ikipanuka, magari yakiongezeka, na hapakuwa na hesabu ya kueleza watu wangepumzikia wapi miaka 40 mbele. Ripoti ya tume hiyo ilimfikia Rais John Kennedy mwaka 1962. Kutokana nayo zilichipuka hatua kadhaa: idara ya serikali kuu ya kusimamia burudani za nje, mfuko wa taifa wa kununulia ardhi ya hifadhi, na kwa sehemu sheria za kulinda nyika, mito na njia za miguu zilizopitishwa kati ya mwaka 1964 na 1968. Mwaka 1965 aliongoza mkutano wa Ikulu kuhusu uzuri wa mandhari ya nchi, ulioitishwa na Rais Lyndon Johnson, na akawa mtu wa karibu wa mkewe Rais, Lady Bird Johnson, katika kampeni hiyo.

Hata hivyo, kizazi kipya cha wanaharakati wa mazingira kilimtilia shaka. Katika mjadala wa kuanzisha hifadhi ya miti mirefu ya redwood huko California, alijiweka kuwa mpatanishi kati ya serikali, kampuni za mbao na wahifadhi. Chama cha Sierra Club, kilichotaka eneo kubwa zaidi la msitu usioguswa, kililaumu suluhu hiyo kuwa ni ya kuwaridhisha wenye viwanda. Hifadhi iliyotangazwa mwaka 1968 ilikuwa ndogo kuliko ilivyodaiwa, na miaka 10 baadaye Bunge lililazimika kuipanua. Tofauti ilikuwa ya msimamo. Kwake, ardhi ilihifadhiwa kwa ajili ya watu, na mapatano ya leo yalikuwa bora kuliko ushindi usiofika. Wakosoaji wake waliamini kwamba msitu ukishakatwa, hakuna mapatano yatakayourudisha.

Uhisani wake haukuishia kwenye misitu. Kwa miaka mingi aliongoza bodi ya hospitali ya saratani ya Memorial Sloan-Kettering, na mwaka 1990 aliipa Princeton dola milioni 21 za kuanzisha kituo cha kusomea maadili ya binadamu. Tangu mwaka 1935 alikuwa mdhamini wa Jumuiya ya Zoolojia ya New York, ambayo baadaye alikuwa rais wake. Jumuiya hiyo ndiyo iliyogharamia utafiti wa George Schaller juu ya sokwe wa milima ya Virunga mwaka 1959 na 1960, na juu ya simba wa Serengeti katika nusu ya pili ya miaka ya 1960. Kazi hizo mbili zilifungua njia ya elimu ya wanyamapori wa Afrika Mashariki na Kati. Uzeeni alishangaza wengi alipofadhili juhudi za kuishawishi Ikulu ya Rais Bill Clinton itoe hadharani taarifa za vyombo visivyotambulika angani.

Zawadi za mwisho

Mwaka 1991 alipokea Medali ya Dhahabu ya Bunge la Marekani, ya kwanza kutolewa kwa mchango katika uhifadhi. Mwaka uliofuata yeye na Mary walitoa makazi yao ya Woodstock pamoja na msitu wake kuwa hifadhi ya taifa, iliyofunguliwa mwaka 1998. Mahali hapo pamewahi kuishi George Perkins Marsh, ambaye kitabu chake cha mwaka 1864 kilionya kuhusu uharibifu wa misitu, na kisha Billings, aliyepanda upya miti katika milima iliyokuwa vipara.

Mwaka 2001 alitangaza kutoa ekari 1,106 zilizosalia za JY, ranchi ya familia iliyomo ndani ya Grand Teton. Safari hii hakuacha hoteli. Masharti yake yalitaka majengo ya familia yaondolewe, barabara zipunguzwe, uoto urejeshwe, na idadi ya magari iwe ndogo ili wageni watembee kwa utulivu. Aliambatanisha fedha za matunzo. Hakuishi kuliona eneo hilo likifunguliwa mwaka 2008: alifariki New York tarehe 11 Julai 2004, akiwa na umri wa miaka 94.

Caneel ilikuwa na mwisho mwingine. Mwaka 1983 Jackson Hole Preserve iliikabidhi serikali ardhi ya hoteli, ikibakiza haki ya kuitumia kwa miaka 40, haki ambayo baadaye ilipita mikononi mwa kampuni nyingine. Kimbunga Irma kiliibomoa hoteli Septemba 2017, na haikujengwa upya. Mkataba ulipokwisha mwaka 2023, ardhi ilirudi moja kwa moja chini ya idara ya hifadhi za taifa, na wakazi wa St. John wakaingia katika mjadala na idara hiyo kuhusu ghuba itumikeje na sauti yao iwe na uzito gani.