Watoto walipoomba kicheko kambini

Familia zilizopita Kanyaruchinya, Bulengo ao Mugunga zinaijua orodha inayoandikwa kila mara kambi inapofunguliwa: bashi, unga, maharagwe, mafuta, sabuni, vidumu vya maji. Kicheko hakiandikwi. Lakini mbali na Kivu, kuna siku watoto wakimbizi walikiomba wenyewe.

Ilikuwa mwanzoni mwa 1993. Yugoslavia ilikuwa imevunjika, na vita vya Kroatia na Bosnia vilikuwa vimefukuza watu wengi sana manyumbani mwao. Wanafunzi wa shule moja ya Barcelona, huko Hispania, walikuwa wakiandikiana barua na watoto wakimbizi waliokuwa Istria, Kroatia. Wale wakimbizi wakawajulisha kwamba kitu walichokikosa sana ni kucheka. Wanafunzi hawakungoja wakubwa wafanye mkutano. Walikusanya pesa, wakamwendea Jaume Mateu, mchekeshaji ambaye Hispania inamjua kwa jina la Tortell Poltrona, wakamwomba aende.

Tarehe 26 Februari 1993 alicheza mbele ya mamia ya watoto katika kambi ya Savudrija, pembeni ya bahari.

Kazi ya namna hiyo haihitaji mkalimani. Mtu mzima mwenye pua nyekundu anataka kukaa, kiti kinamkatalia. Anaanguka, anaamka, anainama kuokota kofia na kuipiga teke mwenyewe bila kujua. Mtoto wa miaka 5 ameona kosa mbele yake, anapiga kelele kumwonyesha. Kwa mtoto ambaye wazazi wake wanapangiwa kila kitu, hata saa ya kupokea chakula, kumshinda mtu mzima akili kwa saa moja si jambo dogo. Mama anayesimulia hadisi ya sungura mangaribi, chini ya bashi, anaijua kazi hiyo vizuri: sungura ni mdogo, na fisi ndiye anayeanguka shimoni.

Mwaka huohuo Mateu na wenzake wakaanzisha Payasos Sin Fronteras, maana yake Wachekeshaji Wasio na Mipaka. Wafaransa wakafuata, na mwaka 1995 Wamarekani. Wasanii wanajitolea, hawaendi kwa ajili ya mshahara.

Hata hivyo, baba mwenye njaa ana haki ya kuuliza: mumeleta pua nyekundu, na unga uko wapi? Mchezo unaisha, gari linaondoka, na mvua inaingia palepale bashi lilipotoboka. Lawama hiyo ni ya kweli, na hakuna mchekeshaji anayeweza kuijibu kwa kuanguka chini. Ila ombi la 1993 halikutoka kwa shirika lolote wala kwa serikali. Waliosema wanakosa kicheko walikuwa ndani ya kambi, na pesa ya safari ilitafutwa na watoto wenzao.