Simu Iliyotaka Kuwa Game Boy

Kubadilisha gemu kwenye Nokia N-Gage kulikuwa shughuli. Unazima simu, unafungua kifuniko cha nyuma, unatoa betri, unachomoa kikadi kilicholala chini yake, unapachika kingine, unarudisha betri, unafunga, unawasha, unangoja iamke. Muda wote huo anayekupigia hakupati. Na akishakupata, huwezi kuongea kama watu wengine. Spika ya sikioni na maiki vimewekwa ukingoni, hivyo ukingo huo ndio unaoubana shavuni, na simu iliyobaki inachomoza pembeni ya kichwa kama sikio la tembo.

Kifaa hicho kiliingia sokoni Oktoba 2003, wakati Nokia ya Finland haikuwa na mpinzani wa kuifikia katika biashara ya simu duniani. Nia yake ilikuwa wazi: kijana anatembea na Game Boy, mashine ya gemu ya mkononi, mfuko mmoja na simu mfuko wa pili, basi apewe kitu kimoja kinachofanya kazi zote mbili. Wazo lenyewe halikuwa baya. Miaka michache baadaye dunia nzima ililikubali. Hata nguvu N-Gage ilikuwa nazo, kwani prosesa yake ilikimbia kwa kasi ya megahezi 104, zaidi ya mara 6 ya Game Boy Advance, mashine ya Nintendo iliyotawala wakati huo. Lakini iliuzwa dola 299, na Game Boy Advance SP, yenye skrini ya kukunja na taa ndani, ilikuwa dola 100 tu. Skrini ya N-Gage ilikuwa ndefu kwenda juu na nyembamba kwa upana, kama ya simu, ilhali michezo mingi ya kukimbia na kuruka inataka uone mbele unakokwenda. Mwaka uliofuata Nokia ilitoa toleo la QD, ikahamishia spika usoni na kuweka mlango wa kadi chini ya simu ili betri iachwe mahali pake. Ilikuwa imechelewa. N-Gage zilizosambazwa ni takriban milioni 3, na Game Boy Advance zaidi ya milioni 81.

Kwa nini mwenye nguvu alishindwa? Jibu liko kwa mtu aliyekuwa amekufa miaka 6 kabla N-Gage haijauzwa.

Gunpei Yokoi alikuwa fundi wa Nintendo, kampuni iliyoanza Kyoto mwaka 1889 kwa kutengeneza karata. Siku moja, ndani ya treni ya mwendokasi ya Japani, alimwona abiria aliyechoka na safari akijipotezea muda kwa kubonyeza kikokotoo. Kutokana na abiria huyo kikazaliwa Game & Watch mwaka 1980, kidude cha gemu moja na saa, chenye skrini ya aina ileile ya kikokotoo. Mwaka 1982, alipotaka kuingiza mchezo wa Donkey Kong katika kidude hicho, Yokoi aliweka kitufe chenye umbo la msalaba chini ya dole gumba la kushoto: juu, chini, kulia, kushoto, bila jicho kuhama kwenye skrini. Kitufe hicho kimeigwa na karibu kila mtengeneza gemu tangu hapo.

Yokoi alikuwa na msemo wake kuhusu kutumia teknolojia iliyokwisha kunyauka. Alimaanisha ile ambayo mafundi wameizoea, imeshuka bei na haina tena cha kuwashangaza, kisha kuibunia matumizi mapya. Game Boy ya 1989 ilifuata msemo huo neno kwa neno. Skrini yake haikuwa na rangi wala taa. Washindani, Atari Lynx na Sega Game Gear, walikuwa na rangi zinazong'aa, lakini Game Gear ilimaliza betri 6 ndani ya saa chache. Game Boy ilitumia 4 tu, ukacheza zaidi ya saa 10. Pamoja na mdogo wake Game Boy Color, iliuzwa zaidi ya milioni 118.

Yokoi alifariki katika ajali ya barabarani Oktoba 1997. Mwisho wa mwaka huohuo Nokia 6110 ilitoka ikiwa na Snake, mchezo ulioandikwa na mhandisi wake Taneli Armanto. Sisi tuliuita nyoka tu. Vidoti vyeusi vinavyorefuka kila vikila, dole gumba likicheza juu ya 2, 4, 6 na 8.

Kuna jambo moja katika historia hii ambalo naona halipewi uzito wake. Mwaka uleule wa 2003, Nokia iliyotengeneza N-Gage ndiyo iliyotengeneza Nokia 1100. Haikuwa na rangi, haikuwa na kamera. Ilikuwa na tochi kichwani, vitufe vilivyofunikwa dhidi ya vumbi, chaji ya siku kadhaa, na nyoka ndani. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250. Hii ndiyo familia ya simu ambazo Wakenya walizibatiza mulika mwizi na Watanzania wakaziita vitochi. Yangu ilinidondoka ngazini, betri ikarukia huku na kifuniko kule. Nikaviokota, nikaviunganisha, ikawaka, nikaendelea na nyoka wangu. Kwa fikra ile ya Yokoi, Game Boy ya kweli ya Nokia ilikuwa hii. Hakuna aliyeinunua kwa ajili ya gemu, na bado ilichezwa katika foleni za benki, kwenye mabasi ya usiku na katika vibanda vya walinzi. Wakuu wa Nokia walikuwa nayo mkononi huku wakiifukuzia Nintendo kwa njia nyingine.

Julai 2008 Apple ilifungua duka lake la programu, na safari hii tishio kwa Nintendo lilikuwa la kweli. Mchezo wa Angry Birds, kazi ya Wafini wengine, ilitoka Desemba 2009 kwa chini ya dola 1. Nintendo ilipoleta mashine yake ya 3DS mwaka 2011 kwa dola 250 huko Marekani, watu waliikodolea macho wakapita. Haikupita nusu mwaka bei ikashushwa hadi dola 170, na rais wa kampuni, Satoru Iwata, akajikata nusu ya mshahara. Kuona aliyekosea akianza kulipa yeye mwenyewe ni nadra, nami namheshimu kwa hilo. PlayStation Vita ya Sony, iliyokuwa na skrini nzuri ajabu, haikupona. Ilikoma kutengenezwa 2019.

Nintendo ilirudi Machi 2017 na mashine ya Switch, ambayo chipu yake ilitangazwa tangu 2015 na haikuwa kali kuliko zote. Imeuzwa zaidi ya milioni 150. Upande wa pili, simu za gemu zimefufuka: ASUS ilianza na ROG Phone mwaka 2018, yenye feni ya kubandika mgongoni, na Infinix, jina lililojaa madukani kwetu, ina toleo la GT tangu 2023. Zina nguvu za kutisha. Lakini dole gumba likitua kwenye kioo halijui limetua wapi, ndiyo maana wachezaji wa kweli hununua vishikio vya kubana simu pande zote mbili.

Vishikio hivyo vina kitufe cha msalaba, upande wa kushoto. Switch ya kwanza yenyewe haikuwa nacho. Ilikuwa na vitufe vinne vilivyotengana, kwa kuwa kipande hicho cha kushoto huchomolewa na kupewa mwenzako. Ilipotoka Switch Lite mwaka 2019, ndogo, ya bei nafuu, isiyochomoka kitu, msalaba ulirudi.